Mtani anaingia kaburini na kutoka salama, mchora katuni kwa nini asitoke?

#1 Mleta mada

Wakuu, salaam. Uzi huu ni mrefu, mwenye haraka auhifadhi ausome usiku. Ni jambo ambalo nimekaa nalo miaka mingi na leo nimeamua kulitoa.

Nianze na msiba. Babu yangu mzaa mama alikuwa Mzaramo, tulimzika Kisarawe. Kaburi limeshachimbwa, watu wamesimama na makoleo, mwili uko tayari kushushwa. Ghafla mzee mmoja wa Kinyamwezi, mtani wetu, akaruka akaingia kaburini na kujilaza chali. Akasema hashuki mtu humo mpaka yeye alipwe deni lake, maana marehemu alikuwa bahili, alikuwa anahesabu hata vipande vya nyama kwenye sufuria. Kisha akasimama akaigiza babu alivyokuwa anatembea, bega moja juu, mkono mmoja mgongoni. Alimpatia vilevile. Mjomba wangu alikuwa analia, na huku analia akaanza kucheka. Akatoa noti mbili za elfu, mzee akapanda, mazishi yakaendelea. Hakuna aliyemnunia. Jioni alikula nasi sahani moja.

Sasa sikilizeni la pili. Miaka ya nyuma nilikuwa napanga kurasa kwenye gazeti moja la Dar es Salaam. Usiku mmoja, kama saa mbili na nusu, ukurasa wa maoni umeshakamilika, katuni imekaa kona ya juu kulia, tunasubiri tu kwenda mtamboni. Simu ya mhariri ikaita. Akatoka nayo nje, akakaa huko kama dakika kumi. Aliporudi akasimama nyuma ya kiti changu, akasema taratibu, "Toa hiyo katuni. Nafasi haitoshi."

Nafasi ilikuwepo, wakuu. Katuni yenyewe ndiyo ilikuwa imeikalia. Nikaitoa, pale pakabaki shimo la safu tatu, na hatukuwa na habari ya kuliziba. Tukaweka tangazo letu wenyewe la kuwaomba watu waje watangaze biashara zao kwetu. Kesho yake mchoraji akaja na gazeti mkononi, akauliza. Akajibiwa hivyohivyo, kwamba nafasi haikutosha. Alilitazama lile tangazo, akalikunja gazeti, akaenda kukaa.

Tangu siku ile nimekuwa nafuatilia kesi za waandishi na wachoraji wa kejeli, za kwetu na za mbali, na kuna kitu kimoja nakiona kinajirudia. Mkubwa akichekwa, mara nyingi hasemi kwamba amechekwa. Hutafutwa kosa jingine.

Mwaka 2015 mwezi Januari serikali yetu ililipiga marufuku gazeti la The EastAfrican. Sababu iliyotolewa ni kwamba gazeti halijasajiliwa Tanzania, ilhali lilikuwa limeuzwa hapa miaka na miaka na kila mtu alilinunua pale Posta. Kipindi hichohicho lilikuwa limetoa katuni ya Gado iliyomchora Rais Kikwete amejinyoosha anahudumiwa na wanawake waliopewa majina ya maovu, ufisadi ukiwamo. Gado ni Godfrey Mwampembwa, mtoto wa Dar es Salaam, alikuwa anachora kwenye magazeti ya Nation, Nairobi, tangu 1992. Mwaka huohuo akaambiwa apumzike, na 2016 mkataba wake haukuongezwa.

Mei 2020 mchekeshaji Idris Sultan alishikiliwa na polisi baada ya kujirekodi akiangalia picha ya zamani ya Rais Magufuli na kucheka. Alicheka tu, hakusema neno la matusi. Mashtaka aliyosomewa baadaye yalihusu laini ya simu.

Mnaona mtiririko? Gazeti ni usajili. Mchekeshaji ni laini ya simu. Na Guinea ya Ikweta, mchoraji Ramón Esono Ebalé, aliyekuwa anamchora Rais Obiang bila kumwonea haya, alikamatwa Septemba 2017 akashtakiwa kwa noti bandia. Noti bandia! Mwaka uliofuata askari aliyekuwa shahidi alikiri mahakamani kwamba hakuwa na ujuzi wa jambo lile na alikuwa anafuata maagizo. Jamaa akatoka Machi 2018 baada ya kukaa gerezani karibu miezi sita.

Yule mtani wa Kisarawe na mchora katuni wanafanya kazi moja. Tofauti ninayoiona mimi ni hii: kwenye utani kila kitu kiko hadharani. Anayesema anajulikana, anayesemwa anajulikana, na akikerwa anajibu palepale mbele za watu. Huku kwa wakubwa, ugomvi unafichwa chini ya karatasi nyingine. Naomba maoni yenu.


#2 Mchangiaji, Morogoro

Mkuu, uzi mzuri, ila utani una pande mbili. Mnyamwezi anamtania Mzaramo, kesho Mzaramo anamtania Mnyamwezi. Gazeti na rais hawajawekeana utani. Rais hawezi kuchora katuni ya mhariri kesho yake.

Halafu usiseme kana kwamba sisi hatuna mila ya katuni magazetini. Wazee tuliokua na gazeti la Uhuru tunamkumbuka Chakubanga wa marehemu Christian Gregory. Gazeti la chama, na bado Chakubanga alikuwa analewa, anadaiwa, anamkimbia balozi wa nyumba kumi. Watu walikuwa wanaanzia ukurasa ule kabla ya kusoma hotuba ya mtu yeyote.


#3 Mleta mada

Mzee wangu, shikamoo. Hapo umenigusa, nami nimejifunza kusoma kwa Chakubanga na baadaye kwa gazeti la Sani, kina Lodi Lofa na Ndumilakuwili.

Lakini angalia Chakubanga alikuwa nani. Alikuwa mtu wa chini. Kwenye ukurasa ule mlevi, mzembe na mshamba wa kuja mjini ndio walikuwa wanachekwa. Uchumi ukiwa mbaya, foleni ya sukari ikiwa ndefu, aliyeko kwenye foleni ndiye aliyechekwa. Aliyesababisha foleni hakuchorwa. Siwalaumu wachoraji wa enzi ile, nafasi waliyopewa ndiyo hiyo, na ndani yake walipenyeza mengi ambayo mwenye macho aliyaona. Kenya nako hivyohivyo, kumchora Moi uso kwa uso lilikuwa jambo lisilowezekana mpaka vyama vingi vilipoingia miaka ya 1990. Ikachukua muda sana katuni zetu kupanda ngazi kutoka kwa mlevi mpaka kwa waziri, na kutoka kwa waziri mpaka Ikulu. Leo mtu anafungua katuni ya Masoud Kipanya asubuhi anacheka na chai yake, anasahau njia iliyopitwa.

Kuhusu pande mbili, uko sahihi kabisa. Ndiyo maana nasema sheria isimame pale ambapo utani hauwezi kusimama. Rais hawezi kumjibu mchoraji kwa katuni, sawa. Anaweza kumjibu kwa hotuba, ana redio zote. Akiona ameonewa aende mahakamani, aseme kwa mdomo wake, "Nimekashifiwa, na kashfa yenyewe ni hii." Mchoraji naye asimame ajieleze. Hakimu aamue. Huo ndio utani wa watu wasiokuwa na utani.


#4 Mchangiaji, Mombasa

Assalaam alaykum. Nimesoma yote kwa utulivu. Naunga mkono mengi lakini nina neno, na nalisema bila hasira.

Nyinyi mwazungumza wanasiasa. Je, hawa wanaoichezea dini? Lile gazeti la Ufaransa, Charlie Hebdo, lilimchora Mtume wetu swalla Llahu alayhi wasallam kwa picha ambazo hata kuzieleza siwezi. Mimi nililia, wallahi, na si mtu wa fujo. Mtani hata awe mkali vipi haingii kaburini akamtukana Mola wa marehemu. Utani una mpaka. Sasa wewe mpaka wako uko wapi? Au kwako kila kicheko ni halali mradi kimechorwa na mtu anayejulikana?


#5 Mleta mada

Wa alaykum salaam, ndugu yangu. Swali lako ni zito kuliko yote na sitalikimbia.

Kwanza niseme lililo wazi. Januari 7, 2015 ndugu wawili waliingia kwenye ofisi ya lile gazeti Paris wakati wa kikao cha wahariri wakaua. Waliokufa siku ile ni 12, wakiwamo wachoraji Charb, Cabu, Wolinski, Tignous na Honoré. Mmoja wa waliouawa ni askari Ahmed Merabet, Mwislamu, alipigwa risasi akiwa tayari ameanguka barabarani. Najua wewe hutetei hilo, nalisema ili tusilisahau tunapojadili mengine.

Lakini ipo hadithi ya kabla ya hapo isiyosimuliwa sana huku kwetu. Katuni zile za kwanza zilitoka Denmark, gazeti la Jyllands-Posten, Septemba 30, 2005. Charlie Hebdo wakazichapisha tena 2006 na kuongeza za kwao. Waislamu wa Ufaransa walifanya nini? Msikiti Mkuu wa Paris na jumuiya nyingine walikwenda mahakamani. Walisimama wakasema tumetukanwa, na tusi lenyewe ni hili na hili. Machi 2007 mahakama ikasema gazeti halina hatia. Walishindwa. Lakini waliheshimika, ndugu yangu, na kila mtu alisikia maumivu yao kwa maneno yao wenyewe. Mimi nasema wale ndio waliofanya sawasawa kuliko wote katika mkasa mzima, na hakuna anayewataja.

Pili, wewe una haki ya kukataa katuni ile, kutoinunua, kuilaani, kumwambia mwanao kwamba ni uovu. Mimi binafsi naiona nyingi kati ya hizo hazikuwa na kazi yoyote. Kejeli inapata nguvu pale inapomwonyesha mtu mwenye madaraka alivyo. Ukimchora Mtume kumdhihaki, mwenye madaraka gani amefichuliwa? Kijana wa Kialjeria anayeishi pembezoni mwa Paris, ambaye polisi humsimamisha kila siku kumdai kitambulisho, ndiye anayefika nyumbani akiwa na kidonda. Mwenye cheo hakuguswa.

Na gazeti lenyewe halikuwa na kipimo kimoja. Mwaka 2008 mchoraji wao mkongwe Siné aliandika kuhusu mtoto wa Rais Sarkozy na tetesi za kubadili dini ili aoe familia tajiri ya Kiyahudi. Mhariri alimtaka aombe radhi, akakataa, akafukuzwa kwa madai ya chuki dhidi ya Wayahudi. Alishtaki, akashinda, gazeti likaamriwa kumlipa fidia. Kwa hiyo wanaosema Charlie Hebdo halikuwa na mpaka wanakosea. Lilikuwa nao, ila waliamua wao uwekwe wapi na kwa nani.

Mwisho kabisa, gharama. Toleo la baada ya mauaji lilitoka Januari 14 na picha ya Mtume mbele, likachapwa kwa mamilioni. Siku mbili baadaye Niger ikawaka, Zinder na Niamey. Rais Issoufou alikuwa amekwenda kuandamana Paris, na watu wake wakakasirika. Watu kumi walikufa, makanisa mengi yakachomwa. Wakristo wa Zinder hawakuchora chochote. Wengi wao huenda hawakuwahi kulishika gazeti lile. Nikilifikiria hilo huwa sipati usingizi, maana mchoraji akiwa mezani kwake Paris hajui mstari wake utafika wapi.

Hivyo mpaka wangu ni huu, na naomba uupime: mchoraji ajiulize, ninayemchora ana uwezo gani wa kunijibu kuliko mimi? Akiwa nao mwingi, chora. Akiwa hana, weka kalamu chini. Huu ni mpaka wa dhamiri. Sitaki uwe wa polisi.


#6 Mchangiaji, Mombasa

Nimekuelewa. Sijakubali yote, kwa sababu kwangu heshima ya Mtume haipimwi kwa nani ana uwezo wa kujibu. Lakini hilo la 2007 sikulijua, na nashukuru umelitaja.

Ila nikukumbushe kitu nawe. Huku pwani twajua kejeli tangu zama. Muyaka bin Haji, mshairi wa Mombasa, wakati wa utawala wa Mazrui aliwapiga watu wa Lamu na wa Unguja kwa mashairi, nao wakamjibu kwa mashairi. Vita vilikuwepo vya panga na vya beti. Khanga nayo, mtu aliyegombana na jirani hununua ile yenye jina analotaka lisomwe, akapita nayo mlangoni mwake. Hakuna aliyeitwa polisi kwa sababu ya khanga.


#7 Mchangiaji, Nakuru

Hamjambo wote. Nimependa mnavyoongea bila matusi, si kawaida mitandaoni.

Wacha niongeze ya Kenya. Sisi tulikuwa na Wahome Mutahi na safu yake ya Whispers. Baba yangu alikuwa anatusomea Jumapili baada ya kanisa, mimi nikiwa mdogo, anatafsiri kwa Gĩkũyũ ili cucu, yaani nyanya yangu, aelewe. Mutahi alijifanya ndiye mjinga wa nyumba: alimwita mke wake Thatcher, msichana wake Pajero, mama yake Appepklonia. Alikuwa anazungumzia mambo ya jikoni na pombe, lakini ukisoma vizuri unaiona serikali yote mle ndani. Na huyu mtu alifungwa mwaka wa 1986, wakati wa msako wa Mwakenya, kundi la siri lililompinga Moi, akapitia vyumba vya mateso vya Nyayo House, chini kule. Alipotoka alirudi kuchekesha watu. Hilo ndilo siwezi kulisahau. Ametoka kwenye giza la Nyayo House na bado anatafuta neno la kumfanya cucu wangu acheke. Aliaga dunia 2003.

Halafu tukapata The XYZ Show ya Gado, 2009, vikaragosi vya mpira vya Kibaki na Raila kwa televisheni. Baba yangu alisema angeonyeshwa hicho 1986 angefikiri ni mtego wa Special Branch, polisi wa siri wa enzi ile.

Lakini mleta mada, hoja yako ya kosa la kusingiziwa imepitwa na wakati. Sasa hata kosa lenyewe hakuna. Kibet Bull, kijana anayetengeneza zile picha za kivuli cheusi kuhusu Rais Ruto, alitoweka mkesha wa Krismasi 2024. Hakuna karatasi, hakuna stesheni iliyokubali kwamba iko naye. Akaonekana tena Januari 6, 2025. Afadhali ile laini ya simu yenu. Angalau ilikuwa na namba ya kesi.


#8 Mleta mada

Kaka wa Nakuru, umenifunga mdomo kwa muda. Ni kweli. Kwenye kesi ya uongo kuna hakimu, kuna wakili, kuna siku ya kurudi mahakamani. Kwa mtu aliyetoweka hakuna hata wa kumbishia. Nimeiongeza kwenye hoja yangu: pale nilipoona karatasi inayoficha ugomvi, wewe umenionyesha mahali ambapo hata karatasi imeondolewa.

Na wapo wanaokwenda moja kwa moja kwenye mwili. Agosti 2011 Ali Ferzat, mchoraji wa Syria, alivamiwa Damascus alfajiri akitoka kazini, wakamvunja mikono. Mikono ndiyo waliyoifuata. Ilipopona akaendelea kuchora.


#9 Mchangiaji, Mbeya

Wakaka, mnisamehe niingie na jambo ambalo sijaona mtu akiligusa.

Mleta mada, kwenye #1 umeieleza ile katuni ya Gado kwa mstari mmoja ukapita. Wanawake waliopewa majina ya maovu. Yaani ufisadi ni mwanamke, tena nusu uchi. Kwa nini? Wezi wa nchi yetu ninaowaona mahakamani ni wanaume wenye suti.

Na Zapiro wa Afrika Kusini nilitarajia umtaje. Septemba 2008 alichora kwenye Sunday Times: Haki ni mwanamke, ameangushwa chini, ameshikiliwa na viongozi wanne, na Zuma anafungua mkanda. Nilipoiona mara ya kwanza nilijisikia vibaya tumboni. Najua alikuwa na maana gani, kwamba mahakama inabakwa kwa ajili ya siasa. Watu wengi waliisifu kwa ushujaa. Lakini Zuma alikuwa ameshtakiwa kwa ubakaji na kuachiwa huru 2006, na alikuwepo mwanamke halisi, anapumua, aliyetoa ushahidi katika kesi ile. Nje ya mahakama walikuwa wanachoma picha yake. Ilibidi akimbie nchi, akaishi Uholanzi, na baadaye alikuja kuishi hapahapa kwetu Tanzania. Huyo akifungua gazeti akakuta ile katuni, anaona nini? Anaona Haki? Au anajiona yeye?

Mnasema kejeli impige mwenye nguvu. Sawa. Ila ngumi ikiwa inapita kwenye mwili wa mwanamke kwanza ndipo imfikie rais, huyo mwanamke mnamhesabu wapi?


#10 Mleta mada

Dada yangu, nimeisoma mara tatu na nimechelewa kujibu kwa sababu hiyo.

Sina utetezi. Niliipita ile katuni haraka kwa sababu mimi ni mwanaume, jicho langu lilikwenda moja kwa moja kwa rais. Nimeitazama tena jana usiku. Uko sahihi, ingechorwa kwa namna nyingine na bado ingemfikia. Wachoraji wengi wanarithi hizi alama, Haki mwanamke, Nchi mwanamke, Rushwa mwanamke, na hawakai kuuliza zimetoka wapi.

Nimtaje basi Zapiro, kwa jambo moja linalohusu hoja yangu. Zuma alimshtaki. Alidai mamilioni ya randi kwa kashfa, kwa jina lake na kwa sababu aliyoitaja waziwazi. Oktoba 2012, kesi ikiwa inakaribia kusikilizwa, akaiondoa. Watu walimcheka sana kwa kuiondoa. Mimi nilimheshimu kwa kuifungua. Hakumtafutia Zapiro noti bandia, hakuuliza leseni ya gazeti. Alisema ameumia. Na Zapiro aliendelea kumchora na bomba la kuogea kichwani mpaka alipotoka madarakani, kwa sababu ya lile alilosema kizimbani kuhusu kuoga baada ya tendo.

Swali lako la mwisho sina jibu lake. Nadhani mhariri aliyeipitisha angepaswa kuulizwa mezani usiku ule, na mtu wa kumuuliza awe mwanamke. Kwenye gazeti nililofanyia kazi, usiku tulikuwa wanaume watupu.


#11 Mchangiaji, Dodoma

Wadau, na hizi habari za kejeli zinazoandikwa kama habari kamili? Mama yangu ana miaka 68, anapata ujumbe kwenye kundi la ukoo, una nembo ya gazeti, una picha ya waziri, unasema kuanzia mwezi ujao kila mwenye kuku atalipa kodi. Aliamini. Aliuza kuku sita kwa bei ya hasara. Aliyetengeneza huenda alisema anatania. Huyu naye mnamtetea?


#12 Mleta mada

Pole sana kwa mama. Huyo simtetei, na nadhani hata yule mzee wa Kinyamwezi asingemtetea.

Tatizo lenyewe si la kwetu peke yetu. The Onion ni gazeti la kejeli la Marekani tangu 1988, linaandika habari za kubuni kwa sura ya habari kamili. Mwaka 2012 waliandika kwamba Kim Jong-un amechaguliwa mwanaume mwenye mvuto kuliko wote duniani. Tovuti ya gazeti la People's Daily la China ikaichukua ikiwa hivyohivyo, ikaweka na picha zake kurasa 55. Wahariri wa gazeti la taifa, mkuu, siyo mama wa kijijini. Kwa hiyo mama asijione mjinga.

Tofauti kati ya The Onion na yule wa kuku ni kwamba The Onion ina jina, ina anwani, unaweza kuishtaki. Mchora katuni naye anaweka sahihi yake pembeni, ndogo lakini ipo. Angalia katuni yoyote ya Gado au Kipanya, utaikuta. Ile ya kuku haina mwenyewe, na imeiba nembo ya mtu mwingine. Mtani huwa haji msibani amefunika uso.

Na naomba wakubwa wasiutumie mfano wa mama huyu kuwafunga wachoraji. Nimeona mara nyingi mtu akitaka kuzuia katuni anaanza kuzungumzia habari za uzushi. Ni vitu viwili. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 tunayo, imtafute aliyeiba nembo.


#13 Mchangiaji, Morogoro

Mleta mada, umezunguka dunia nzima lakini kuna kitu umetuacha nacho. Ile katuni uliyoitoa usiku ule ilikuwa na nini? Na mchoraji yuko wapi?


#14 Mleta mada

Mzee wangu, nilidhani hakuna atakayeuliza.

Mchoraji aliacha miezi michache baadaye. Hakugombana na mtu. Sasa anachora vibao vya maduka na picha za ukutani za shule za awali, tembo na herufi. Tunaonana, hatulizungumzii.

Katuni ilikuwa hivi. Kiongozi, hakuwa na sura ya mtu fulani, ana kitambi na tai, ameshika mkasi anakata utepe mbele ya bomba la maji. Utepe umeshikwa na kina mama wawili, mmoja kila upande, ndoo zao tupu ziko chini miguuni. Nyuma wapo wapiga picha. Na kwenye mdomo wa bomba buibui ametandaza utando, mstari kwa mstari, kwa kalamu nyembamba kabisa. Nadhani ule utando ulimchukua muda kuliko vingine vyote. Chini kulia sahihi yake. Hapakuwa na maneno hata moja.

Nakala ya ukurasa kabla haujabadilishwa huwa inabaki kwenye kompyuta mpaka mtu aifute. Nilichapa moja kwenye karatasi ya kawaida kabla sijaondoka usiku ule, nikaikunja mara nne, nikaiweka mfukoni. Ninayo mpaka leo.